Gliserini ina kiu: namna ya kuitumia mwilini bila kujidhuru

"Mwanangu, mikono inaniwaka moto."

Mama mkwe alinigongea mlango saa nane za usiku kuniambia hivyo, na aliyesababisha ni mimi. Jioni yake nilikuwa nimemkuta akijikuna viganja. Hewa ilikuwa kavu wiki nzima, ngozi yake imepauka na kuingia nyufa ndogondogo kwenye vifundo vya vidole. Nikachukua chupa ya gliserini, nikaimimina ilivyo, bila tone la maji, nikampaka mpaka viwikoni. Nilikuwa na miaka 11 ya uuguzi katika wodi ya wazee, kwa hiyo hakuna aliyenihoji, na mimi mwenyewe sikujihoji.

Nilipowasha taa niliona ngozi imewambwa kama ya ngoma, na kila ufa umekuwa mwekundu. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Kisha nikachukua gliserini ileile, nikaichanganya na maji, nikampaka mikono ikiwa bado na unyevu, juu yake nikapitisha mafuta ya mgando. Baada ya dakika chache alilala. Chupa ilikuwa ileile na mikono ileile. Kilichoongezeka ni maji.

Tangu usiku ule, kabla ya kumwekea mtu yeyote gliserini mahali popote, najiuliza swali moja: hapa itayapata wapi maji yake? Maana gliserini ina kiu. Ni kimiminika kizito, kisicho na rangi wala harufu, kitamu ulimini, na kila molekuli yake ina sehemu tatu zinazoshika maji. Hutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama. Mafuta yakipikwa kuwa sabuni, yenyewe hujitenga kando. Mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi ndiye aliyeipata kwa mara ya kwanza mwaka 1779, alipochemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi.

Ukitaka kuiona kiu hiyo kwa macho yako, mimina vijiko viwili vya gliserini safi kwenye kisahani, uache wazi siku tatu wakati hewa ina unyevunyevu. Haitakauka. Itaongezeka na kuwa nyepesi, kwa sababu inakunywa mvuke wa hewani. Au weka tone moja kwenye kiganja kilicholowa, ulisugue kwa kidole: utahisi joto dogo likipanda. Hilo ni joto la gliserini na maji vikikutana.

Ngozi kavu

Gliserini ikiwa juu ya ngozi na kuna maji karibu, huyashika yasikimbie, na ngozi hulainika. Ikiwa hewa ni kavu na hukuipa maji, itayavuta kutoka mahali pa karibu zaidi, yaani tabaka za ngozi zilizo chini yake. Ndicho kilichompata mama mkwe. Ndiyo maana wapo wanaosema gliserini imewasaidia na wapo wanaosema imewaunguza, na wote wanasema kweli.

Mchanganyiko ninaoutumia kwa mwili ni sehemu moja ya gliserini kwa sehemu tatu za maji. Kwa chupa ya mililita 100, pima gliserini mililita 25 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisha jazia mililita 75 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya waridi yanafaa pia, mradi hayana manukato yaliyoongezwa. Tikisa mpaka usione tena ile mistari inayocheza kama mafuta ndani ya maji. Andika tarehe kwenye chupa, uiweke kwenye friji, na baada ya siku 7 umwage kilichobaki.

Watu hunibishia hapo kwenye kumwaga. "Gliserini haiozi," wananiambia. Safi haiozi, kwa sababu kiu yake inawanyang'anya bakteria maji hata wao hawawezi kukua. Ukishaizimua kwa maji mengi umeituliza, na wadudu wanapata makazi. Kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo.

Wakati wa kupaka ni mara tu baada ya kuoga. Jifute kwa kugusisha taulo, usijikaushe kabisa. Paka mchanganyiko ngozi ikiwa bado inang'aa kwa maji, subiri kama dakika moja, kisha funika kwa mafuta ya mgando au losheni nzito. Gliserini inashika maji, mafuta yanafunga mlango. Ukiacha mafuta siku ya hewa kavu, umefanya nusu ya kazi.

Usikamulie limao au ndimu humo. Najua ni mazoea ya wengi. Lakini maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, ukatoka nayo juani, yanaweza kukubabua hadi malengelenge, na madoa meusi yatakayobaki yatachukua miezi kufifia.

Magaga yanahitaji mchanganyiko mzito zaidi, nusu kwa nusu. Mama mkwe namfanyia hivi: miguu inakaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, nasugua visigino polepole kwa jiwe la kusugulia, bila kulazimisha, nafuta, napaka, naziba kwa mafuta ya mgando, namvalisha soksi za pamba alale nazo. Baada ya usiku wa nne au wa tano kingo za nyufa huanza kulala chini. Mwenye kisukari asiloweke miguu hivyo wala asisuguliwe kwa jiwe. Huyo mpake tu, ruka katikati ya vidole, na ukiona ufa unaotoa damu au maji, apelekwe akaonwe. Na soksi ni lazima kwa sababu nyingine pia: gliserini inateleza kuliko unavyodhani. Nimewahi kumpokea wodini mzee aliyevunjika nyonga baada ya kushuka kitandani na nyayo zilizopakwa.

Kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi, anza kwa kumjaribia sehemu ndogo ya ndani ya mkono, usubiri siku nzima. Mzio wa gliserini ni nadra sana, ila ngozi iliyochubuka huwashwa na karibu kila kitu. Usipake kwenye kidonda kibichi wala sehemu iliyoungua sasa hivi. Kilichoungua kinataka maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, basi.

Choo kikigoma

Kazi ya gliserini ninayoithamini kuliko zote ni hii, na ndiyo watu wanaionea haya kuiuliza. Kuna vidonge laini vya gliserini vya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, vyenye umbo kama la risasi. Vikiwa mle ndani kiu ileile hufanya kazi: vinavuta maji kutoka kwenye ukuta wa utumbo, vinalainisha kinyesi kilichokauka, na kuushtua utumbo ujikaze. Kwa mzee aliyelala kitandani, anayekunywa dawa za maumivu zinazofunga choo, nimeona kidonge kimoja kikimrudishia mtu hamu ya kula siku hiyohiyo.

Kwanza mweleze unachotaka kufanya, hata kama hasemi. Funga mlango. Mlaze ubavu wa kushoto, mguu wa kulia ukunjwe kuelekea tumboni, kwa sababu mwisho wa utumbo mpana umelala upande wa kushoto. Vaa glovu. Chovya kidonge kwenye maji safi. Usikipake mafuta ya mgando, yatakizuia kuyeyuka. Mwambie avute pumzi ndefu, na anapoitoa ingiza kidonge kwa kidole, ncha iliyochongoka ikitangulia, mpaka kivuke ule msuli wa mlangoni. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 3. Hakikisha kimegusa ukuta wa utumbo na hakikudidimia katikati ya kinyesi kigumu, maana hapo hakitapata maji na hakitafanya lolote. Mbane matako taratibu kwa dakika moja, akae kimya dakika 15 akiweza. Choo huja kati ya dakika 15 na saa moja, kwa hiyo beseni au kiti cha choo kiwe tayari kando.

Atahisi kuwaka kidogo, na hiyo ni kawaida. Damu si kawaida, wala maumivu makali. Kidonge kimoja kwa siku kinatosha, na ukifika siku ya saba bado unakihitaji, tatizo si la kidonge tena, anahitaji daktari. Usimwekee kabisa mtu anayetapika, mwenye tumbo lililovimba na kuuma, au anayetoa damu ambayo haijajulikana sababu yake. Utumbo ulioziba haufunguliwi kwa kuusukuma. Vipo vya watoto, vidogo zaidi, lakini aliye chini ya miaka 2 asiwekewe mpaka mhudumu wa afya amwone.

Wapo wanaochonga kipande cha sabuni wakamwekea mtoto badala ya kidonge. Naomba sana wasifanye hivyo. Sabuni ina magadi, inababua ngozi laini ya ndani, na mtoto aliyebabuka ataogopa kwenda chooni, choo kizidi kufunga. Nimemwosha mtoto wa namna hiyo, sikusahau kilio chake.

Vidonge hivi huyeyuka kwenye joto, kwa hiyo viweke mahali pa baridi. Na mpe mgonjwa maji ya kunywa. Kitu kinachovuta maji hakiwezi kuyapata kwa mtu aliyekauka.

Sikio na mdomo

Nta ya sikio iliyokauka hulainika kwa matone ya gliserini yaliyotengenezwa kwa ajili ya masikio. Shika chupa kiganjani dakika chache ipate joto la mwili, kwa sababu tone la baridi likiingia sikioni dunia huzunguka. Lala ubavu, vuta sikio juu na nyuma, dondosha matone 3 au 4, kaa hivyo dakika 5. Rudia asubuhi na jioni kwa siku 3 hadi 5. Usikivu unaweza kupungua kwa muda nta inapovimba. Usichokoe kwa kijiti cha pamba. Sikio linalotoa usaha, lenye maumivu makali, lililowahi kutoboka kiwambo au lililowekewa kijibomba na daktari halitiwi chochote.

Mdomo una habari yake. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kuwafuta wagonjwa mahututi midomo kwa vijiti vya pamba vilivyolowekwa gliserini na limao. Vilinukia vizuri na mate yalitoka papo hapo. Baadaye tukaambiwa tuache: asidi ya limao inakula meno, gliserini kali inavuta maji ya utando wa mdomo, na mate yaliyotoka kwa kushtuliwa hukoma, mdomo ukabaki mkavu kuliko mwanzo. Sasa natumia maji ya kawaida na mswaki laini, kila baada ya saa moja au mbili. Kuna jeli za mdomo mkavu zenye gliserini ndani yake, hizo zimepimwa kwa kiasi kinachofaa. Midomo ya nje haina shida, paka mchanganyiko wako kisha mafuta ya mgando.

Chupa usiyoijua asili yake

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu yote niliyosema juu yanahusu gliserini ya kweli.

Kuna kimiminika kingine kizito, kisicho na rangi, kitamu, kinachofanana nayo kabisa: daiethilini glikoli. Ni cha viwandani, na ni rahisi kuliko gliserini, ndiyo maana kwa miaka mingi kimeingizwa mahali pake, kwa wizi au kwa uzembe. Kinaua figo. Mwaka 1937 huko Marekani dawa ya maji iliyotengenezwa nacho iliua watu zaidi ya 100, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kulazimisha usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Haiti, mwaka 1995 na 1996, watoto zaidi ya 80 walikufa kwa dawa ya homa iliyotiwa gliserini yenye sumu hiyo. Panama, mwaka 2006, ilikuwa dawa ya kikohozi, na pipa lilikuwa limeandikwa gliserini. Mwaka 2022 nchini Gambia walikufa watoto wapatao 70, na ndani ya dawa za maji walizopewa ikakutwa daiethilini glikoli pamoja na nduguye, ethilini glikoli.

Ulimi hauwezi kuitambua, pua haiwezi, jicho haliwezi. Maabara pekee ndiyo inayoweza. Kwa hiyo kanuni yangu ni ngumu na siiombei radhi: gliserini itakayoingia mdomoni, sikioni au kwenye njia ya haja iwe ya daraja la dawa, imefungwa na mtengenezaji, ina alama kama BP au USP (za vitabu vya viwango vya dawa vya Uingereza na Marekani), namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na imetoka kwa mfamasia aliyesajiliwa. Iliyogawiwa kutoka pipani kwenda kwenye chupa ya soda, hata aliyekuuzia akiwa jirani yako mwema, itumie kutengenezea sabuni. Na usipike dawa ya kikohozi ya mtoto nyumbani kwa gliserini. Gliserini haitibu kikohozi, inapaka koo utelezi tu, na kijiko cha asali kinafanya hivyohivyo kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja.

Mtoto akiwa amekunywa dawa yoyote ya maji, halafu akaanza kutapika, kulia tumbo, kulegea, na zaidi ya yote akawa hakojoi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali, na chupa ile uibebe na kifuniko chake.

Kuinywa

Madaktari wana sababu za kumnywesha mtu gliserini. Presha ya jicho ikipanda ghafla, gramu moja hadi moja na nusu kwa kila kilo ya mwili huingia kwenye damu, na kiu yake huvuta maji kutoka ndani ya jicho mpaka presha ishuke. Vilevile imetumika kupunguza uvimbe wa ubongo. Hayo hufanyika mgonjwa akiwa anaangaliwa, kwa sababu maji yale yaliyovutwa yanaingia kwenye mishipa, na moyo au figo dhaifu zinaweza kulemewa. Sukari ya damu nayo hupanda kwa mwenye kisukari. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuharisha ni vya kawaida. Usijaribu nyumbani.

Kiasi kidogo kilicho ndani ya vyakula na dawa za maji hakina neno kwa watu wengi. Watoto wadogo ndio wa kuangalia. Uingereza walilazwa watoto waliolegea na sukari yao ya damu kushuka muda mfupi baada ya kunywa vinywaji vya barafu laini, ambavyo hutiwa gliserini ili visigande kabisa. Mwaka 2025 mamlaka ya chakula ya huko ikashauri aliye chini ya miaka 7 asipewe kabisa.

Moto

Watu huniuliza kama gliserini italipuka, kwa kuwa wamesikia habari za nitrogliserini. Haitalipuka. Nitrogliserini ni kitu kingine, hutengenezwa kwa kuichanganya gliserini na asidi kali, na ajabu ni kwamba yenyewe pia ni dawa, ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo.

Kinachoweza kuwasha nyumba yako ni pamanganeti ya potasiamu, zile chembe za zambarau zinazoyeyushwa kwenye maji ya kuoshea vidonda. Gliserini safi ikidondokea chembe hizo zikiwa kavu, hakuna kinachotokea kwa sekunde kadhaa, halafu moshi, halafu moto wa zambarau unaruka wenyewe bila kiberiti. Mgonjwa wa ngozi mara nyingi huwa na vyote viwili, tena kwenye kikapu kimoja. Mimi pamanganeti naiweka bafuni, kwenye kabati la juu, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza. Gliserini inakaa chumbani kwa mama mkwe, kando ya soksi zake.